Mzee wako anaona watu ambao hawapo? Maswali tunayoulizwa kuhusu maruweruwe ya macho

Mimi ni muuguzi wa macho mkoani Tanga. Nyumbani naishi na bibi yangu mzaa mama, ambaye glakoma, ile tunayoiita presha ya macho, imemwachia nuru kidogo sana. Kila mara kliniki kuna mtu ananivuta pembeni, mara nyingi binti au mkwe aliyemsindikiza mzee, na kuniuliza kwa sauti ya chini moja ya maswali haya. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa.

Mama anasema anaona watoto wanacheza sebuleni, na nyumbani hatuna mtoto. Akili zinamruka?

Huenda akili zake ni timamu kabisa. Swali la kwanza ninalouliza mimi linahusu macho: anaonaje siku hizi? Mtu ambaye nuru yake imepungua sana anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwepo, iwe nuru hiyo imeondoka kwa mtoto wa jicho, kwa glakoma, kwa kisukari kilichoharibu retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), au kwa uzee uliokula makula, yaani ile sehemu ya katikati ya retina tunayosomea na kutambulia sura za watu. Anaviona akiwa macho, mchana kweupe, huku anajua leo ni siku gani, nani kafiwa na bei ya sukari imefika wapi.

Hospitalini hali hii inaitwa dalili za Charles Bonnet. Kwa Kiswahili chetu neno lipo tangu zamani, maruweruwe, wengine husema maluweluwe. Shida ni kwamba tumelizoea kwa mwenye homa kali au aliyerukwa na akili, hivyo mzee akilisikia anajiona amekwisha. Ndiyo maana mimi huongeza neno moja: maruweruwe ya macho. Penye hitilafu ni macho.

Wanaona nini hasa?

Kuna wanaoona michoro tu: miraba kama ukuta wa tofali, wavu wa samaki uliotandazwa juu ya kila kitu, ukili unaojisuka wenyewe ukutani, matawi yanayotambaa darini. Kuna wanaoona herufi au maandishi yasiyosomeka. Na kuna wanaoona vitu kamili: maua, wanyama, majumba, magari, msafara wa watu wanaopita bila kugeuka. Watu hao mara nyingi huwa wadogo kupita kiasi, na jambo ambalo limewashangaza madaktari wa nchi nyingi ni kwamba huwa wamevaa. Wamevaa hasa! Kofia, mavazi ya zamani, nguo za sherehe. Wengine huona sura peke yake, zenye macho makubwa na meno yaliyojitokeza, na hizo ndizo zinazotisha.

Mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, picha hizo huwa safi kuliko kitu chochote ambacho macho yake yanaona sasa. Mzee asiyeweza kutofautisha sura yako na ya jirani anakuhesabia vifungo vya kanzu ya mtu ambaye hayupo. Familia hapo hudhani anadanganya, au kwamba upofu wake ni wa kujifanya. Hadanganyi. Pili, picha hazina sauti. Watoto wanacheza lakini hawacheki, gari linapita lakini haliungurumi. Hazina harufu, na ukizigusa hazishikiki. Huja sana jioni, kwenye mwanga hafifu, mzee akiwa amekaa peke yake pametulia. Hukaa sekunde chache, au dakika, na mara nyingine hata saa.

Tena mara chache sana huwa ni mtu anayemjua. Wengi hunijibu hivyo hivyo: "Ni watu wageni, sijapata kuwaona."

Kwa nini ubongo ufanye jambo la namna hii?

Macho hupokea mwanga tu. Kuona kwenyewe kunafanyika kwenye ubongo, upande wa kisogoni. Maisha yote sehemu hiyo imekuwa ikipokea habari kutoka machoni bila kukatika. Macho yakichoka, habari zinapungua, lakini sehemu yenyewe haijafa. Inabaki na nguvu zake zote na haina kazi. Basi huanza kujiwashia yenyewe, na yanayotokea ndiyo mzee anayoyaona.

Kama umewahi kukaa na mtu aliyekatwa mguu, utakuwa umemsikia akilalamika kwamba kidole cha mguu ule ambao haupo kinamwasha. Ni jambo la aina hiyo hiyo.

Hili limepimwa. Mwaka 1998 watafiti wa London, akiwemo Dominic ffytche, walitazama kwa mashine ubongo wa wagonjwa wakati huo huo wanapoona maruweruwe. Aliyekuwa anaona rangi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia rangi ilikuwa imewaka. Aliyeona sura, ni ile ya sura. Maana yake mzee anaona kweli. Ubongo wake unafanya kazi ile ile unayofanya wa kwako ukitazama mtu aliye mbele yako. Na huko Boston, mwaka 2004, walichapisha habari za watu 13 wenye macho mazima waliokubali kufungwa kitambaa usoni kwa siku tano mfululizo. Kumi kati yao waliona vitu, wengine taa na michoro, wengine sura na mandhari kamili. Watu wazima wenye afya, na zilitosha siku tano za giza.

Huyo Charles Bonnet ni nani?

Alikuwa mtaalamu wa viumbe wa Geneva, Uswisi, aliyeishi kati ya 1720 na 1793. Mwaka 1760 aliandika habari za babu yake mzaa mama, Charles Lullin, mzee wa karibu miaka 90 mwenye mtoto wa jicho, akili zake timamu, aliyekuwa akiona watu, ndege, magari ya farasi na majengo ambayo hayakuwepo. Lullin mwenyewe aliacha maelezo. Siku moja mwaka 1758 wajukuu zake wawili wa kike walikuja kumtembelea, naye akaona vijana wawili wamesimama nao, wamevaa majoho ya kupendeza, jekundu na la kijivu, kofia zina urembo wa fedha. Akawasifu wajukuu kwa kuleta mabwana wazuri namna ile. Wasichana wakaapa kwamba hawajaja na mtu.

Naipenda habari hii kwa sababu ya mjukuu. Bonnet hakumcheka babu yake wala hakumfungia ndani. Aliketi akamsikiliza, akaandika. Baadaye, macho yake mwenyewe yalipofifia, naye akaanza kuona. Jina la dalili lilitolewa mwaka 1936 na daktari mwingine wa Geneva, Georges de Morsier.

Hali hii ni ya watu wachache?

Si ya wachache. Takwimu hutofautiana kulingana na nani kaulizwa na kaulizwaje, lakini tafiti nyingi hutaja kati ya asilimia 10 na 40 ya watu waliopoteza nuru kwa kiasi kikubwa. Wazee ndio wengi, kwa kuwa ndio wenye magonjwa ya macho. Watoto na vijana waliopoteza nuru nao wanaweza kupata. Aliyezaliwa haoni kabisa kwa kawaida hapati, maana ubongo wake haukuwahi kuzoea kuletewa picha.

Kliniki yetu, tusipouliza, hakuna anayesema. Tukiuliza vizuri, wanasema.

Kwa nini alinyamaza muda wote huo?

Hapa nitaeleza ya nyumbani kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kujua na sikujua.

Bibi alikuwa ameanza kutembea kwa namna ya ajabu. Kutoka chumbani kwenda uani njia ni moja kwa moja, unapita katikati ya sebule, pale palipotandikwa mkeka. Yeye akawa anazunguka. Anashika ukuta, anapita nyuma ya viti, anazunguka hadi mlangoni. Nikadhani ni magoti, nikamnunulia dawa ya kuchua. Jioni moja nilikuwa nimekaa pale pale mkekani nachambua mchele, akatokea, akasimama, akaanza safari yake ya ukutani. Nikamwuliza, "Bibi, mbona unazunguka? Hapa katikati pako wazi."

Akasimama kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, kwani wewe huwaoni?"

"Siwaoni nani, bibi?"

"Hawa watoto."

Walikuwa sita au saba, akanieleza, urefu wao hauzidi ndoo, wamevaa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, wamekaa safu kama wanaosubiri kusomeshwa. Vishada vya tarbushi zao aliviona kimoja kimoja. Walikuwa wanakuja tangu mwezi wa Rajabu, na wakati huo tulikuwa tumeshamaliza kula Idi. Nikamwuliza kama alidhani wapo kweli. Akanijibu, "Najua hawapo. Nimeshawagusa kwa mkongojo, sikuti kitu. Lakini miguu inaogopa kumkanyaga mtoto wa mtu."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambia, ningempeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma.

Hilo ndilo jibu. Mzee wa kwetu akifikiria kusema neno hili, anaona njia mbili mbele yake: ataitwa kichaa, au ataitwa mwanga, yaani mchawi. Na hofu ya pili si ya bure. Usukumani bibi vizee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa mafiga ya miaka yote waliyotupikia. Kilifi, upande wa pili wa mpaka, wazee wameuawa kwa mvi zao tu. Katika nchi ambamo jicho jekundu limemtoa mtu roho, nani atasimama aseme, "Mimi naona watu msiowaona ninyi"?

Nimwulizeje bila kumtia aibu?

Usimwulize mbele za watu, wala usianze na neno "maruweruwe". Mimi huanza hivi, baada ya shikamoo na habari za nyumbani: "Mama, watu wengi ambao macho yao yamepungua nuru huwa wanaona vitu ambavyo sisi hatuvioni. Maua, watoto, michoro ukutani. Ni macho yanafanya hivyo. Wewe imeshakutokea?" Nimeanza na wengi, nimetaja sababu, ndipo nikamfikia yeye. Amekwisha kujua kabla ya kujibu kwamba sitamcheka.

Nimeona babu mmoja akitoa machozi kwa swali hilo. Alikuwa amekaa na siri yake miaka miwili, akihama chumba usiku, akimwambia mkewe ni joto.

Si majini haya? Au karogwa?

Naheshimu imani ya mtu, na nyumbani kwetu dua inasomwa. Mzee akitulia kwa kusomewa au kuombewa, asomewe, aombewe. Ninachokwambia ni kile ninachokiona kazini: picha hizi huwafuata watu ambao nuru imeondoka, ziwe nyumba za Waislamu au za Wakristo, Uswisi au Pangani, na kwa baadhi yao huondoka mtoto wa jicho akishatolewa. Mwanga wa taa ukiongezwa hupungua.

Nakuomba mambo mawili tu. Usimtie mzee machoni dawa ya majani, maji ya kitu chochote au unga. Tumepokea macho yaliyounguzwa kioo chake cha mbele namna hiyo, na nuru ile kidogo iliyokuwa imebaki ikazimika. Na usikubali mtu akutajie aliyemroga, kwa sababu atakayetajwa ni jirani, wifi au kizee mwingine, na ukishatoka hapo hakuna dawa.

Nitajuaje kwamba si ugonjwa mwingine?

Swali hili ni zito kuliko yote, kwa hiyo soma taratibu. Maruweruwe ya macho yana alama zake: nuru imepungua, picha hazina sauti, zinakuja na kwenda, na mzee akishaelezwa anakubali kwamba hazipo. Hata aliyeshtuka siku ya kwanza akaita watu wafukuze mwizi, baada ya muda hujua. Kukiwa na kitu nje ya hayo, peleka hospitali.

Akianza ghafla, ndani ya saa au siku chache, naye amechanganyikiwa, hajui yuko wapi, ana homa, hali chakula, analala mchana kutwa, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, kuishiwa maji, au sukari iliyoshuka. Mzee anaweza kuwa na nimonia bila kukohoa sana. Akili ndiyo inayotangulia kuyumba.

Akisikia sauti zinazomwamuru au kumtukana, au akiamini kabisa kwamba watu wale wapo na wana njama naye, aonwe na daktari wa afya ya akili. Hakuna aibu katika hilo.

Ukiona pamoja na picha hizo anatembea kwa kuburuta miguu, mwili umekakamaa, leo akili iko wazi na kesho imezama, usiku anarusha mikono na mateke usingizini, mweleze daktari yote kwa pamoja. Kuna aina ya ugonjwa wa usahaulifu, demensia ya Lewy, ambayo huanza na kuona watu na wanyama. Dawa za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, nazo zinaweza kuleta maono.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, au upande mmoja wa kuona ukizima ghafla, usisubiri asubuhi. Vilevile akikwambia anaona mwanga unamulika kama radi pembeni mwa jicho, vidoti vyeusi vingi vimetokea kwa mara moja, au pazia linashuka: hayo si maruweruwe, huenda retina inabanduka, na inatakiwa aonwe siku hiyo hiyo.

Mwisho, funga dawa zake zote kwenye mfuko uje nazo. Nasema zote, hata za mafua. Piritoni na amitriptilini, tunazozinunua kama pipi, zinaweza kumvuruga mzee. Hata baadhi ya matone ya presha ya macho yamewahi kuhusishwa na maono, ingawa ni mara chache sana. Ila usimwachishe matone kwa uamuzi wako. Glakoma haina huruma, nuru inayoondoka nayo hairudi.

Kuna tiba?

Tiba bora ni kurudisha nuru pale inaporudishika. Kama ni mtoto wa jicho, atolewe. Upasuaji ni mfupi, hufanywa kwa ganzi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Huduma hiyo ipo CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, Mnazi Mmoja Unguja, na kwa walio Kenya ipo Kikuyu. Hospitali nyingi za mikoa nazo hufanya, na kambi za macho hupita vijijini. Wako wazee ambao picha ziliondoka bandeji ilipofunguliwa. Kama ni miwani, apimwe upya. Kama ni kisukari, kidhibitiwe na retina ichunguzwe.

Glakoma na makula iliyokwisha kuharibika havirudishwi nyuma. Hapo tunafanya kazi ya kulinda kilichobaki na kuzoesha mtu kuishi na picha. Dawa za kumeza za kuzuia maono zipo, lakini hazina uhakika, na kwa mzee huleta usingizi, kuanguka na mwili kukakamaa. Daktari bingwa huzitumia pale tu mtu anapoteseka sana. Bibi yangu, kabla sijajua, alipelekwa na ndugu kwenye zahanati moja akilalamika kwamba "haoni vizuri na halali", akarudi na vidonge vya usingizi. Alilala siku mbili na kuanguka bafuni siku ya tatu. Watoto wa tarbushi hawakuondoka.

Maelezo yenyewe ni nusu ya dawa. Nimeshuhudia bega la mtu likishuka pale alipoambiwa, "Hii ina jina, na si wazimu."

Picha ikimjia, afanye nini?

Ipo mbinu inayofundishwa, rahisi kabisa: bila kugeuza kichwa, apeleke macho kushoto kisha kulia, kama sekunde moja kila upande, mara 15 hadi 30, apumzike, arudie. Kwa wengine picha hukatika hapo hapo. Wengine hufanikiwa kwa kupepesa macho harakaharaka, au kuitazama picha yenyewe usoni badala ya kuikimbia, au kunyoosha mkono kuigusa.

Kubadilisha mazingira kunasaidia zaidi ya yote. Kama amekaa, ainuke. Kama kuna giza, washa taa. Kama mwanga ni mkali, upunguze. Fungua redio. Mwite aje mchambue mboga pamoja. Sisi tuliweka balbu yenye mwanga mkubwa sebuleni, na tukaiwasha saa kumi na moja na nusu kabla jua halijazama, badala ya kungoja adhana ya magharibi kama zamani. Wiki ile ile bibi akasema wageni wamepungua. Usingizi wa kutosha nao ni muhimu, maana uchovu huwaita.

Na upweke. Mzee aliyeachwa kitini toka asubuhi, hana wa kuzungumza naye, huyo ndiye anayetembelewa sana.

Akiniambia wapo, nimkatalie au nikubaliane naye?

Usifanye lolote kati ya hayo. Ukimkatalia kwa ukali, hatakwambia tena. Ukijifanya unawaona na wewe, unamwondolea kitu kimoja alichokuwa anakishikilia, yaani uhakika wake kwamba hawapo. Mwambie kweli kwa upole: "Mimi siwaoni, bibi, lakini najua wewe unawaona. Leo wamevaaje?" Swali la mwisho nimelijaribu mwenyewe. Mtu aliyekuwa anatetemeka huanza kueleza kama anayesimulia harusi.

Watoto wa nyumbani nao waelezwe, kwa maneno yao. Wasipoelezwa watamwogopa bibi, au watamzomea.

Ni hatari?

Picha zenyewe hazimdhuru. Kinachomdhuru ni mwili kuzifuata: kukwepa shimo ambalo halipo akaangukia ngazi iliyopo, kukimbia moto ambao hauwaki. Ondoa vitu njiani, weka kamba au kishikio ukutani kwenda chooni, paka chokaa nyeupe kingo za ngazi. Mfundishe kugusa kwanza kwa mkongojo kabla ya kuamua.

Zitaisha lini?

Zamani wagonjwa waliambiwa ni mwaka mmoja au mwaka na nusu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014, ulioulizia watu wenye ugonjwa wa makula, ulionyesha kwamba kwa walio wengi ilidumu miaka miwili na kuendelea, na karibu theluthi yao iliwasumbua kweli. Kwa hiyo simwahidi mtu tarehe. Ninachoweza kumwambia ni kwamba kwa wengi huja mara chache kadiri muda unavyokwenda, na hofu hupungua kabla picha hazijapungua.

Bibi yangu anasikia taarabu usiku na hakuna redio. Ni hiyo hiyo?

Ni ndugu yake. Masikio yakipoteza usikivu, ubongo unaweza kutengeneza muziki kama unavyotengeneza picha. Apimwe masikio, na aangaliwe nta. Akisikia maneno yanayomsemesha, rudi juu kwenye jibu la magonjwa mengine.

Mama yuko Pemba, mimi niko Uingereza. Nifanye nini kutoka huku?

Mwulize kwa simu, kwa utaratibu ule ule niliouandika, siku ambayo hakuna wengi pembeni yake. Kisha mpigie anayekaa naye, umweleze kabla hajaambiwa na mtu mwingine maneno mengine. Huko uliko kuna shirika linaloitwa Esme's Umbrella, linaloshughulika na hali hii peke yake. Judith Potts alilianzisha kwa sababu ya mama yake, Esme, aliyekuwa na glakoma kama bibi yangu na akaanza kuona viumbe na watu nyumbani kwake. Hata kule, kwenye hospitali zote zile, mama huyo alikuwa amenyamaza kwanza.

Nikimpeleka kliniki, niseme nini?

Usiseme "mama amechanganyikiwa". Neno hilo litampeleka kwenye foleni nyingine. Sema: "Mama nuru imepungua, na anaona vitu ambavyo havipo, lakini akili zake ni timamu." Kisha taja lini ilianza, saa ngapi huja, hukaa muda gani, kama kuna sauti, na dawa anazotumia. Kama daktari hajakuelewa, taja jina la Charles Bonnet bila woga. Na mwache mzee aseme mwenyewe. Msindikizaji anayejibu kila swali humrudisha mzee kwenye ukimya wake.

Na bibi yako, bado anawaona?

Anawaona, ila wachache. Siku hizi anapita katikati ya sebule, mkongojo mbele, na akifika pale kwenye mkeka husema "hodi" kidogo, kisha anapita. Juzi magharibi nilimwuliza wako wangapi. Akageuza macho kushoto na kulia kama nilivyomfundisha, akangoja.

"Amebaki mmoja," akasema, "na huyu naye anasinzia."

Akaniomba nimletee ungo, tumalizie mchele wa daku.